Msemaji wa Konokono

Jumanne, 2 Julai 2002

Houda anatetea memwari! Alhamisi ya wiki ijayo! Mbele ya walimu wakubwa wa Campus, chuo kikuu chenyewe, wamevaa tai!

Bismillahi. Sasa ndiyo naanza kuandika vizuri.

Memwari ni kile kitabu cha utafiti ambacho mwanafunzi anakiandika mwishoni mwa masomo. Akikimaliza anakaa mbele ya juri, yaani walimu, wanamhoji mpaka jasho linamtoka. Katika avenyu yetu, barabara hii ya mtaa wa Buyenzi, hakuna msichana aliyewahi kufika hapo. Hakuna! Alikuwepo mvulana mmoja, lakini yule tulimsahau alipoacha kusalimia watu. Na huyu wangu nimemzaa mimi Adija, niliyetolewa darasa la sita nikaolewe.

Houda ameniomba kwa upole: Mama, chumba ni kidogo, njoo wewe na Baba tu. Nikasema ndiyo, mwanangu. Kabla ya alasiri nilikuwa nimemwambia muuza makaa, fundi cherehani, mke wa imamu na foleni nzima ya bomba la maji. Sasa ningefanyaje? Furaha si ugonjwa wa kuficha.

Shaabani, mume wangu, amerudi kutoka gereji. Anasugua grisi mikononi, akauliza: lakini anatafiti nini? Miaka yote hii nimekuwa nikisema "sayansi" halafu naondoka haraka. Tukamwita Houda.

Konokono, akasema. Konokono wa ziwani.

Nimekaa chini. Nimeomba maji.

Jumatano, 3 Julai

Konokono! Kama ni samaki ningeelewa. Hata ndagala, ni mdogo lakini ana heshima zake, analiwa na wakubwa. Konokono anakwenda wapi? Anafanya nini? Sisi tukimkuta kwenye mchicha tunamtupa kwa jirani.

Mathilde, jirani mwenyewe, amekuja kunipa hongera. Maana yake amekuja kuchimba. Mathilde alikimbia vita kule Uvira na mtoto mmoja na sufuria mbili, na tangu siku hiyo hajakubali kushindwa na mtu. Jérémie wake naye yuko Campus, naye atatetea mwezi ujao. Anakusanya methali za wazee.

"Mutoto wangu anaandika akili ya babu zetu," ananiambia, ameshika kiuno. "Na wako, Mama Houda? Anaandika nini?"

Nikamwambia: mnyama wa ziwa.

"Munyama gani?"

Nikasema, mnyama yule... anakaa majini... anapenda majani. Sijasema uongo hata neno moja! Mathilde akajishika kifua.

"Yesu wangu! Kiboko!"

Mimi sikusema kiboko. Kiboko amesema yeye. Nilinyamaza tu, na kunyamaza si dhambi, hata msikitini tunanyamaza.

Magharibi ilipofika, Houda alikuwa ni yule msichana anayepima meno ya viboko. Muuza makaa amenisalimia kwa mikono miwili.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeamka na akili. Kama utafiti ni mbaya, si ubadilishwe? Nimevaa mtandio mzuri, nikajaza mandazi kwenye beseni, nikapanda Campus. Mlinzi nikamwambia mimi ni mama wa mtafiti wa viboko. Akanifungulia mbio.

Nimekaa kwenye ngazi, nikawa namuuliza kila anayepita: we mwanangu, unatafiti nini? Kijana mwenye njaa akiona mandazi anajibu.

Subhanallah! Mmoja anatafuta kwa nini udongo wa Kiriri unateleza na kuta za nyumba za wakubwa zinapasuka. Mwingine anapika sabuni ya mawese, anataka kujua kwa nini inanuka. Msichana mwembamba anasoma sheria, anauliza mjane anabakiwa na shamba gani. Mwingine anaandika nyimbo wanazoimbiwa watoto wasiotaka kulala. Nikamwimbia mbili, akaandika, akanishukuru! Mwingine anafukua vyungu vilivyovunjika zamani. Vyungu vizima hataki. Halafu akaja mmoja wa hesabu, macho mekundu. Nikamuuliza, unahesabu nini? Akasema, mama, mi sihesabu kitu, nathibitisha tu. Kitu gani? Akasema bado. Nimempa mandazi matatu, maskini.

Kumbe kila kitu duniani kimepata mwanafunzi wake! Hata kelele za vyura, yuko mtu amezipanga kwenye mistari. Kwa hiyo ni kweli, mwanangu amekosa bahati tu. Walipogawa, yeye alichelewa.

Nikamrudia yule kijana wa udongo. Kijana mpole, ana miwani. Nikamwambia tubadilishane. Atupe udongo wake wa Kiriri, sisi tumpe konokono, na sahani ya pilau juu. Kiriri wanakaa mabalozi, hata ukitaja udongo wao mdomo unanukia.

Akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza, konokono wa Houda? Akasema, maman, wale ni wazuri kuliko udongo wangu, duniani hawana mfano. Hapana, hakusema hivyo, nimeongeza. Alisema kitivo kizima kinawajua.

Nimeona anapandisha bei. Nimeondoka.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwomba Houda aweke kiboko. Mmoja tu! Hata mwishoni, hata mtoto wa kiboko.

Alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akakasirika. Akasema, Mama, unajua nimefanya nini kwa ajili ya hawa konokono? Akaniambia. Alikuwa anakwenda ufukweni asubuhi na ndoo, masika na kiangazi. Askari wanamsimamisha, wanaimwaga ndoo mchangani, wanatafuta risasi. Wanakuta konokono. Wanamuuliza kama ana akili. Anawaokota mmoja mmoja, anarudi kazini. Na kule maji ya mifereji yanapoingia ziwani, konokono wana ganda jembamba kama karatasi, au hawapo kabisa. Tunakunywa ziwa hilo hilo, Mama. Konokono ndiye anatangulia kutuambia.

Mi nilikuwa naambiwa anakwenda maktaba.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Katika juri yupo Profesa Libère. Huyo akiuliza swali, hata waliosoma Ulaya wanasahau majina ya mama zao. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikauka pale pale, akarudishwa, mpaka leo hajamaliza. Houda anaota anasimama, mdomo unafunguka, maneno hayatoki.

Mwanangu anaogopa! Hapo konokono, kiboko, vyote vikanitoka kichwani. Nimekaa nikafikiri mpaka wali ukaungua.

Na jibu nimelipata. Nani amesema mtoto wa kike asimame peke yake mbele ya wazee kujieleza? Siku ya kuposwa mimi nilisema kitu? Sikusema hata neno! Nilikaa ndani, msemaji akazungumza tangu adhuhuri, na mambo yakaenda vizuri, mume nikampata. Anachokosa Houda ni msemaji.

Campus wamesoma sana, lakini hili limewapita.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Yahaya. Hakuna posa hapa Buyenzi iliyoharibika mkononi mwake. Ana fimbo ya kichwa cha fedha na sauti ya kuamsha waliolala.

Aliuliza maswali ya mtu mwenye kazi yake. Upande wa pili ni ukoo gani? Nikasema walimu. Wana msemaji? Nikasema yupo mkali, anaitwa Libère. Wanataka nini kwetu? Nikasema kitabu. Akasema kitabu ni rahisi, yeye amezoea ng'ombe. Jambo lenyewe linahusu nini? Hapo nikakohoa. Nikasema, mnyama wa ziwa, we Mzee sifu ziwa kwa jumla. Akasema amekwisha sikia habari za kiboko, nisihangaike, maneno anayo.

Shaabani nimemweleza. Akasema, "Adija." Basi. Hiyo ndiyo hotuba yake.

Jumanne, 9 Julai

Tangu alfajiri mizinga vilimani. Maduka yamefungwa, hakuna aliyetoka. Houda amekaa chini ya meza na kitabu chake, anasoma kwa sauti, risasi zinamjibu. Nimeomba: Ya Rabi, tumevumilia vita hii miaka yote, Alhamisi hii moja tu tuachie.

Jioni pametulia. Mathilde akapiga hodi, anaonyesha kitenge alichonunua kwa ajili ya sherehe YANGU. Samaki wa bluu kwenye njano. Ni kile kile changu! Nimemuuliza nani amemwambia. Akasema fundi cherehani. Akasema pia avenyu nzima imechukua, na basi dogo limepatikana.

Basi?

Ee, basi. Wote wanakwenda. Mtu hawezi kukosa viboko.

Nimemwambia Houda tutakaokuja ni mimi na Baba yake. Sijamwambia kitu kingine. Anahitaji kupumzika.

Alhamisi, 11 Julai

Kitenge sijavua bado, lakini nitaandika.

Tulijaza chumba, tukajaza mlango, tukajaza madirisha kwa nje. Samaki wa bluu kila mahali. Houda alipotuona aligeuka rangi ya majivu. Juri wakaingia, wanne, na Profesa Libère mwisho, mfupi, kavu, kalamu mkononi kama sindano.

Mwenyekiti akasema mtahiniwa aanze. Houda akafungua mdomo. Hakuna kitu. Kama ndoto yake! Nikamkanyaga Mzee Yahaya mguu.

Akasimama. Akagonga fimbo. "Assalamu alaykum, wazee wa upande ule! Sisi watu wa Buyenzi hatukuja mikono mitupu. Tumekuja na mutoto wetu, hana doa, hana deni, na tumekuja na kiboko!"

Buyenzi ikapiga makofi. Mathilde akapiga vigelegele, sijui ni kwa nia gani. Mzee akamsifu kiboko tumbo, akamsifu shingo, akawauliza juri kama upande wao wanaye mnyama wa kulingana naye. Profesa Libère akaweka kalamu chini. Akauliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili: "Huyu ni nani?"

Nilitamani sakafu ipasuke kama kuta za Kiriri.

Houda ndiye aliyemjibu. Sauti ilimtoka, nzima! Akasema: Profesa, huyu ni babu yetu, amefungua njia kama desturi yetu. Mzee wangu, asante, sasa turuhusu mtoto wenu aseme. Mzee Yahaya akakaa, ameridhika. Houda akatoa ganda dogo mfukoni, akaliweka mezani.

"Nimetafiti konokono," akasema.

Vitenge vyote vikanigeukia. Mimi nikawa natazama samaki wangu.

Lakini akaanza kuzungumza. Wallahi, sijui nisemeje. Kifaransa chake kilikuwa kinatiririka, nami nusu siipati, lakini uso wake niliupata wote. Libère akamchoma: unajuaje ni uchafu uliowaua na si kiangazi? Akajibu, nilikwenda masika pia, ukurasa huu. Akamchoma tena. Akajibu tena. Akaeleza askari na ndoo, na Libère, huyo huyo mkavu, akacheka kidogo kwa pua. Shaabani alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Juri wakatoka kwenda kushauriana. Na Mzee Yahaya akatoka nao! Kwa posa ndiyo kanuni, wasemaji wanakwenda pembeni kupatana. Mlinzi alimrudisha taratibu kwa kumshika kiwiko. Mzee ananinong'oneza: usijali, nilikuwa nimewafikisha pazuri.

Distinksioni kubwa, yaani amefaulu kwa sifa za juu! Kubwa! Niliruka, kiatu kikatoka dirishani.

Nje, tunagawa sambusa na Fanta, Mathilde akanijia.

"Mama Houda. Kiboko chako iko mudogo, eh?"

"Kiboko hata kipofu anakiona," nikamwambia. "Konokono inataka mutu mwenye macho."

Akacheka mpaka akaniegemea. Akabeba sambusa za kesho.

Houda akanivuta kando. Nilikuomba watu wawili, Mama. Nikasema, ndiyo, wengine ni Baba yako kaleta. Hakucheka. Kisha akacheka. Akasema Mzee alipotaja shingo ya kiboko aliona wazi kwamba hakuna namna yeye angeharibu kuliko hapo, na woga ukamtoka.

Kwa hiyo msemaji alisaidia! Nimeandika kwa herufi kubwa: ALISAIDIA.

Lakini ameniapisha. Nisitangaze tena jambo lake lolote kabla ya kumuuliza. Nimeapa, na mkono nimeuinua.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi Houda ameniambia, akiwa anaondoka, kwamba Profesa Libère alisema siku moja angependa kwenda kuona pale ufukweni anapookotea. Siku moja, kasema. Kisha Houda akaenda kurudisha vitabu Campus.

Sasa mimi ni mtu wa kufikiri. Profesa mzima aende ufukweni bila kula? Njia ya kutoka ziwani inapita wapi? Buyenzi! Na ningemuuliza Houda saa ngapi, wakati hayupo?

Nimekwisha ongea na Mzee Yahaya, safari hii amepewa konokono mwenyewe, anatunga sifa zake. Mathilde ataleta masufuria, na Jérémie atakaa karibu na Profesa ili amsikie akisema methali. Mke wa imamu ameahidi mkeka mkubwa. Muuza makaa analeta gunia. Fundi cherehani anauliza kama tunabadilisha kitenge. Tunabadilisha. Profesa mwenyewe ataambiwa baadaye, kama siku hiyo ana nafasi au hana tutapanga.

Nimepita nyumba kwa nyumba, upande wa kulia na wa kushoto. Karamu ya Profesa ni Jumapili, tarehe 21, baada ya adhuhuri, kwetu, mapema ili kafyu ya usiku isitukute na sahani mkononi. Kila mtu aje na kiti chake.