Kivinjari Changu cha Miaka Kumi na Minne

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Tangazo limebandikwa mlangoni. Kivinjari cha zamani, kile tunachofungulia mtandao hapa masjala, kinazimwa Ijumaa. Kila mtu ahamie kipya. Sahihi: fundi wa kompyuta, yule dada mfupi, mwepesi, tunayemwita Kiberiti.

Miaka kumi na minne nimekaa nacho! Kikiganda, najua pa kubonyeza, najua muda wa kusubiri, najua na upande wa kuipiga kompyuta kofi. Ndiyo maana bosi huja mezani kwangu kwa miguu yake mwenyewe na kuniita mtaalamu. Kikiondoka, mimi ni nani? Karani tu mwenye kofi zuri.

Sihami.

Nyumbani, furaha. Mama watoto, mwalimu wa shule ya msingi, amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili. Ameiomba miaka mitatu mfululizo. Imebaki kuithibitisha kwenye tovuti ya chuo kabla ya Alhamisi, saa kumi jioni. Yeye anasimamia mitihani wiki nzima, akataka kumwomba mwalimu mwenzake. Nikamuuliza kwani ameolewa na nani. Niachie mimi, nikamwambia. Akafurahi. Nikafurahi kumshinda.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Nimechukua picha ya kubonyezea ya kivinjari kipya nikamvisha mzee wangu, kile cha zamani. Kwa nje kijana, kwa ndani ni yuleyule. Kiberiti kapita na orodha yake, kachungulia kioo changu, kanitia alama ya vema. Akanisifu kwamba nimehama bila kusukumwa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akili ni mali.

Mchana nikafungua tovuti ya chuo. Nyeupe pee! Katikati kitufe kimoja cha kijivu, hakina neno. Nikakibonyeza mara sitini na moja. Kofi la kushoto. Kofi la kulia. Kimya.

Kumwita Kiberiti? Atajua nimemchezea. Bora nimeze kipanya.

Mama watoto kauliza kama tayari. Nikasema mtandao unasuasua, ofisi nzima inalia. Akasema hana wasiwasi maadamu nipo mimi. Chai ikanipalia.

Jumatano, 5 Machi

Mtunza stoo, jirani yangu wa chumba cha pili, alihama siku ya kwanza kabisa, na sasa anatembea kifua mbele utadhani alikivumbua yeye. Leo ripoti ya bosi imegoma kufunguka kwangu. Bosi kaenda stoo. Kwa miguu yake! Nikawasikia wakicheka huko.

Mpango mpya: saa ya chai, mtunza stoo akitoka, niingie nitumie kompyuta yake dakika mbili. Nikaingia. Inataka nywila. Nikajaribu "stoo". Nikajaribu "bosi". Nikajaribu "mimihodari". Ikajifunga kabisa! Nageuka, mwenyewe kasimama mlangoni. Nikasema nimefuata kalamu. Akanipa moja, ya bluu, akanisainisha kwenye daftari sehemu tatu.

Ninayo kalamu. Uthibitisho sina.

Alhamisi, 6 Machi

Leo niandike yote.

Saa tisa na nusu mlango ukafunguka. Mama watoto! Vumbi la chaki mikononi, uso unang'aa. Mitihani imekwisha mapema, kaja kuiona nafasi yake kwa macho. Nikamwonyesha ule ukurasa mweupe. Nikamweleza kwamba weupe ni dalili ya kukubaliwa. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai mbuzi kala daftari.

"Baba watoto," akasema taratibu, "umethibitisha au hujathibitisha?"

Nikasema bado. Sauti yenyewe sikuitambua.

Hakugomba. Midomo tu ilitetemeka, na hapo ndipo nilipojiona kinyago. Miaka mitatu yake, kwa ajili ya kofi langu! Nikatoka mbio hadi kwa Kiberiti, nikaungama kila kitu ukumbini, watu wakisikia.

Kiberiti kaketi mezani kwangu, kabonyeza picha ya kijana, katoka mzee. Kanitazama. Nikakohoa. Akaanza kuweka kipya chenyewe. Dakika tano nzima! Nikamuuliza kuhusu kurasa zangu nilizohifadhi miaka yote hiyo. Akasema zinahama zote, hazipotei. Kweli, zikajipanga moja baada ya nyingine, na mtunza stoo, aliyekuja kuchungulia, akazisoma kwa sauti. "Njia Kumi za Kuotesha Nywele Utosini." Ofisi ikaangua kicheko. Hata mama watoto, machozi mashavuni.

Kisha tovuti ya chuo ikafunguka. Rangi! Picha! Jina lake! Kitufe kumbe cha kijani, kimeandikwa "Nakubali". Akakibonyeza mwenyewe. Saa kumi kasoro dakika nne.

Akapiga kigelegele. Akamkumbatia Kiberiti, akamkumbatia mtunza stoo, akamkumbatia bosi aliyekuja kuuliza kelele za nini. Mimi nilikuwa wa nne. Lakini nilikumbatiwa muda mrefu kuliko wote. Nililia, nakiri.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee kazimwa saa tatu asubuhi. Nilitoa hotuba fupi. Hakuna aliyeniomba.

Hiki kipya ni moto! Nimefungua kurasa arobaini na tatu kwa mpigo. Nimemweleza bosi kwamba mimi tangu zamani nilikuwa mtu wa mabadiliko. Kiberiti akapaliwa maji.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja kumpongeza bintiye. Nikamsimulia mambo ya juzi, jinsi yalivyopaswa kutokea: mimi, dakika nne, vidole vinaruka. Akavutiwa mno. Akatoa simu yake, akauliza kama naweza kuiongeza sauti, maana inanong'ona.

Mama watoto akapaza sauti kutoka jikoni: "Mama, usimpe!"

Keshachelewa. Nimeifungua kwa kisu cha mkate. Skrubu nne zimebaki mezani, na kidude kimoja mfano wa punje ya maharage. Si cha lazima, naona.

Nimemwambia mama mkwe inapumzika.