Kabichi Zangu na Hoja Tatu za Kamati ya Mfereji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mfereji wa Juu,
Mkuyuni.

Mjomba Benedikto, shikamoo.

Nakuandikia kama Mwenyekiti, si kama kaka wa mama yangu, maana kaka wa mama yangu bado namheshimu. Siku tisa zilizopita, baada ya misa, kamati yako ilininyang'anya zamu ya maji kwa madai kwamba nayageuza pale kwenye banio, maji yanapogawiwa, yaje shambani kwangu kabla ya siku yangu. Kabichi mia nne zimelegea majani, na ndizo nilizozitegemea mwaka huu.

Adhabu ningeivumilia. Kilichonishinda ni akili zilizoitoa. Nilisoma falsafa seminarini miaka miwili kabla ya kurudi kwenye jembe, na hoja zilizokaa upande kama zenu sijawahi kuziona. Nazinukuu kutoka kwenye muhtasari wa katibu wenu, Innocent:

1. "Wezi wote wa maji hupanda kwenye banio alfajiri. Alois hupanda kwenye banio alfajiri. Basi Alois ni mwizi wa maji." Mjomba, mbuzi wote hula majani. Wewe unakula mchicha kila mchana. Kwa hoja hiyo nije na kamba nikufunge.

2. "Wote waliochimba mfereji wana haki ya maji. Alois hakuchimba. Basi hana haki." Kuku wote wana miguu miwili. Wewe si kuku. Sasa tuambie ulipandaje mlima kuja kikaoni. Tena Bibi Winfrida hakuchimba hata shimo la mgomba, na maji anapata, kwa sababu mlimpa kwa umri wake.

3. "Hakuna mwizi anayefaa kulinda banio. Pazi si mwizi. Basi Pazi anafaa." Hakuna jiwe linalofaa kuliwa. Kiatu changu si jiwe. Karibuni kwangu mle kiatu kwa ugali. Huyo Pazi mlinzi wenu anaamka saa tatu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, zamu yangu irudishwe wiki hii. Pia wajumbe wote saba waje kwangu Jumamosi tatu mfululizo na madaftari, niwafundishe. Atakayefeli mtihani asipige kura tena, na Mwenyekiti afanye mtihani wake peke yake, asije akamtazamia Innocent.

Wasalimie wanakamati, Bibi Winfrida, na Pazi akiamka. Msalimie sana mkeo, Mama Anastasia, ambaye bustani yake iko jirani na banio.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Alois

Tanbihi: Maji nimekuwa nikiyageuza kweli, tangu mvua zikatike. Nakiri ili msije mkadhani kwamba kwa kuwa mlipata jibu, basi hoja ilikuwa nzuri. Mkeo aliniona mara tatu. Nilimsihi asiseme, akanijibu, "Sitasema, labda waniulize." Mlikaa kikao saa nne nzima, Mjomba, na chai mlipikiwa na yeye.