Gitau na Supu ya Naivasha

Kabla ya mwezi wa nane wa mwaka 1996, hakuna mtu hata mmoja katika Turkana nzima aliyejua kupika supu!

Hayo ni maneno ya Gitau, si yangu. Mimi ni dereva tu. Naitwa Lomenen, na supu nimeinywa tangu sina meno.

Gitau alikuwa afisa wa lishe katika shirika letu dogo la misaada pale Lodwar. Alipokuja kutoka kwao Murang'a alikuwa mtu wa kawaida, mwembamba, mwenye masharubu ya kubahatisha. Kisha wakubwa wakampeleka Naivasha kwa semina ya siku tano. Somo: supu ya nafaka, maharagwe na mboga za majani. Akaenda Gitau, akarudi Profesa!

Nilimpokea kwenye uwanja wa ndege. Alishuka na cheti ndani ya fremu ya kioo, amekikumbatia kama mtoto wa kwanza.

"Lomenen," akasema hata kabla ya salamu, "hiki kikae kiti cha mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa nyuma."

Haki ya Mungu, nilikiendesha cheti mpaka ofisini kikiwa kimefungwa mkanda!

Mchana ule tukaenda kula kwa Akai, mwenye hoteli ya mabati karibu na soko. Akai akatuwekea supu ya mbuzi kama siku zote. Gitau akaitazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Akai, hii si supu. Haya ni maji ambayo mbuzi amepita."

"Hajapita," Akai akajibu. "Amekaa humo tangu alfajiri."

"Protini iko, nakubali. Lakini nafaka iko wapi? Majani yako wapi?"

"Majani yalikuwa ndani ya mbuzi."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Gitau hakucheka. Alimaliza bakuli, akaagiza la pili, akasema ni la utafiti.

Sasa niwaambie siri ambayo dereva yeyote huijua, maana sisi ndio tunaobeba mizigo ya wakubwa mpaka jikoni. Gitau hakuwahi kupika kitu maishani. Jiko lake la mafuta ya taa, buibui alikuwa ameshalijengea nyumba ya vyumba vitatu. Na hata huko Naivasha waliopika ni wapishi wa hoteli. Wanasemina walionja, wakaandika, wakapiga picha.

Hayo yangekuwa mambo ya kucheka tu, kama isingekuja habari kwamba Madam Jepkoech, mkubwa wetu wa Nairobi, atafika Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kujionea hiyo supu kwa macho yake.

Gitau alirukaruka! Alikuwa akitafuta uhamisho wa Nairobi kwa miaka miwili, akisema joto la Turkana linamkausha ubongo. Sasa alianza kuaga watu. Aligawa kitanda chake, akagawa na neti.

Lakini kule kambini kulikuwa na mtu mwingine aliyeingoja siku hiyo, na yeye hakuwa na mchezo. Aliitwa Abuk. Alikuwa mama wa Kidinka aliyekimbia vita vya Sudan kwa miguu na watoto wanne, mrefu kama nguzo ya simu, mpole wa maneno. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha kina mama wa kanisa. Watoto wao walikaa darasani na njaa mpaka saa nane mchana; wengine walilala juu ya madawati. Abuk alitaka jiko la shule. Madam akikubali, kuni na chakula vitaletwa kila wiki. Akikataa, watoto waendelee kula ubao na chaki.

Kwa hiyo supu moja ilibebeshwa mizigo miwili: masharubu ya Gitau na matumbo ya watoto mia tatu.

Siku chache kabla, tulienda Kakuma kwa mafunzo. Gitau alitundika karatasi kubwa ukutani mwa kanisa. Alikuwa amechora piramidi ya vyakula kwa kalamu za rangi tano: nafaka chini, maharagwe katikati, mboga juu.

"Maswali?"

Abuk akainua mkono; kila mkubwa kwake alikuwa mudir, kwa Kiarabu cha kwao. "Mudir, hii piramidi, kuni iko upande gani?"

"Kuni si chakula, mama."

"Na maji?"

"Maji ni ya idara nyingine."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akasema jambo kwa Kidinka, na benchi zima likatetemeka kwa kicheko. Nilimwuliza Abuk baadaye yule mama alisema nini. "Alisema huyu bwana anapikia na kalamu."

Siku yenyewe ikafika. Madam alikuwa anatua saa saba. Sisi tulifika saa tatu asubuhi, Gitau akiwa amevaa aproni nyeupe na viatu vinavyong'aa kama kioo cha kinyozi. Cheti alikitundika kwenye mti. Kina mama walikuwa wameshaleta sufuria kubwa ya kanisa, na kuni walizozichanga kwa wiki mbili, kijiti juu ya kijiti.

Abuk akachungulia gunia la maharagwe. "Mudir, umelowesha jana?"

"Kuloweka ni mambo ya kale, mama. Vitamini zinatoroka na maji."

"Hii maharagwe ni mzee, mudir. Imekuja na meli, imelala stoo. Ni mkubwa kuliko mtoto yangu ya mwisho."

"Mama Abuk." Gitau akanyoosha kidole mtini. "Nina cheti."

Abuk akakitazama cheti. Akayatazama maharagwe. Kisha akajiondokea polepole nyuma ya uzio wa miiba, na baada ya muda nikaona moshi mdogo ukipanda kutoka huko.

Gitau akatupia vyote mara moja! Mtama, maharagwe, mboga, chumvi, vitunguu vizima. "Tunaokoa muda!" akatangaza.

Kufikia saa tano, mtama ulikuwa umekuwa uji. Mboga zilikuwa zimekuwa utelezi wa rangi ya buti za polisi. Na maharagwe? Nilichukua moja nikalirusha kwenye bati la kanisa. Tii! Askari wa getini akageuka na bunduki.

Kuni zikaendelea kuliwa. Saa sita mama mmoja, kwa huruma tu, akasema kwamba kwao maharagwe magumu huwekewa magadi kidogo, kiasi cha kushika na vidole viwili. Gitau hakungoja mwisho wa sentensi. Akachukua mfuko mzima.

"Mudir! Kidogo!"

"Kama kidogo ni dawa," Gitau akasema huku akimimina, "kingi ni hospitali!"

Akaonja. Uso wake ukajikunja kama kiatu kilichonyeshewa. Supu ilikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia. Mtu mwingine angekubali yameharibika. Lakini mtu wa Naivasha haharibikiwi, hurekebisha! Akaona ndoo ya maji ya ukwaju ambayo kina mama walimwandalia mgeni anywe.

"Tunaweka uchachu," akasema, "ladha zisawazike." Akamimina ndoo yote.

Jamani!

Sufuria ilinguruma. Kisha ikainuka. Povu la kijani lilipanda kama jeshi linalovuka mpaka, likaruka ukingo, likauzima moto, likameza viatu vya Gitau mpaka kwenye soksi. Kina mama walikimbia na vitambaa vyao. Mbuzi mmoja akaja kunusa. Huyu alikuwa mbuzi wa Kakuma, aliyelelewa kwa maboksi na kandambili. Alinusa mara moja, akarudi kwenye boksi lake.

Na hapo hapo gari la Madam likaingia getini.

Madam Jepkoech alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisalimia kila mtu kwa mkono, kisha akalitazama povu. "Gitau, hii ni nini?"

"Supu ya povu, Madam. Mtindo mpya."

Tukamwomba Pasta Malual abariki chakula. Pasta huyo kwa kawaida huomba sentensi mbili, maana kambini watu wana njaa. Siku ile alichungulia kwanza ndani ya sufuria, kisha akafumba macho na kuomba kwa dakika kumi na mbili. "Bwana, wewe uliyemtoa Danieli katika tundu la simba, utukumbuke na sisi watumishi wako..." Amina ilipigwa kwa nguvu ambayo sijaisikia hata Krismasi.

Madam akatia kijiko mdomoni. Kach! Akashika shavu.

"Gitau, haya maharagwe yameiva?"

"Yameiva kitaalamu, Madam."

"Basi kula tukuone."

Hapo mtu mwenye akili angesingizia mfungo. Lakini kiburi hakina tumbo. Mwenye tumbo ni mwenye kiburi. Gitau akajaza bakuli, akala. Akajaza la pili. Jasho lilimtoka mpaka kwenye masharubu.

"Khalas, mudir," Abuk akamsihi, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Wacha. Itakuumiza."

"Tamu!" Gitau akajibu, akajaza la tatu.

Abuk akatikisa kichwa. Kisha akaenda nyuma ya uzio, akarudi na chungu chake kidogo. Maharagwe alikuwa ameyaloweka tangu jana yake mchana, kwa kuwa hakuwahi kumwamini mtu wa kalamu. Mtama ameutwanga. Majani ya kudra, yaani mlenda, aliyoyaotesha mwenyewe kwenye maji yanayomwagika bombani, ameyatia mwisho kabisa, bado ya kijani.

Madam alikula, akamaliza. Akasogeza bakuli aongezewe. Mimi nilikula mawili. Nilimtafuta mbuzi humo ndani, sikumpata, na wala sikumkumbuka.

"Umetumia kuni ngapi, mama?"

"Tatu. Tukitembea kutoka nyumbani kuni ilikuwa hatari, mtu anaona moshi. Nikajifunza kupika na kidogo."

Madam akaweka kijiko chini. "Jiko la shule lianze Jumatatu. Wewe ndiye msimamizi."

Kina mama walipiga vigelegele mpaka kambi ya Wasomali ikatuma mtu kuuliza nani ameolewa! Abuk hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya gogo, akafunika uso kwa mikono mirefu.

"Ni mwanafunzi wangu," Gitau akamnong'oneza Madam. "Nilimpa msingi."

Saa tisa tukaondoka kurudi Lodwar. Siku hizo barabara hiyo ilikuwa na majambazi, kwa hiyo magari yalienda kwa msafara, lori la polisi mbele, na amri ilikuwa moja: hakuna kusimama. Madam alipanda gari letu. Gitau akajipenyeza karibu naye, maana alikuwa bado na jambo lake.

"Madam, kuhusu uhamisho wangu..."

Nikasikia ngurumo. Nikatazama mbinguni. Hakuna wingu.

"Lomenen," Madam akaniuliza, "ni gia inalia?"

"Si gia, Madam."

"Kama nilivyosema, uhamisho..." Ngurrrr! Gitau akashika mlango. Rangi ilikuwa imemtoka. "Lomenen. Simama."

"Afande alikataza."

"Lomenen, ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, SIMAMA!"

Nilipiga honi na kuwasha taa. Lori likafunga breki. Askari saba wakaruka chini, wakalala kifudifudi mchangani, bunduki zimeelekezwa vichakani.

"Adui yuko wapi?" sajenti akapiga kelele.

"Tumboni, afande!"

Gitau alikuwa ameshafika kwenye kichaka, na vichaka vya Turkana havimfichi hata sungura. Sheria ya msafara inasema abiria asiachwe bila ulinzi. Basi wale askari saba wakasimama wakamzunguka, migongo kwake, vidole kwenye triga, wakitazama upeo wa macho kwa heshima kubwa. Sijawahi kuona waziri akilindwa vile!

Sajenti akachukua redio ya lori kutoa taarifa. Redio zile zilisikika katika kila ofisi na kila kituo, kutoka mpakani mpaka Lodwar.

"Msafara umesimama. Hapana, si majambazi. Afisa wa lishe anaumwa tumbo."

"Rudia," redio ikakwaruza. "Amepigwa?"

"Hajapigwa. Amekunywa supu yake."

"Sikusikia. Supu ya nani?"

"YAKE MWENYEWE!"

Tulisimama mara nne zaidi, na kila mara sajenti alitoa taarifa, maana kazi ni kazi. Tuliposimama mara ya tatu, Madam alinigeukia. "Huyu bwana alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Uhamisho, Madam."

Akafikiri kidogo, akitazama upande usio na kichaka. "Nimekubali. Ahamie Kakuma, kwa mama Abuk. Aanze na kuchambua maharagwe."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika kizuizi cha Lodwar. Kwa kawaida askari wa pale hukagua vitambulisho mpaka vya kuku. Siku hiyo aliinua chuma kabla hata sijapunguza mwendo. Akainama dirishani, akamsalimu Gitau kwa Kiturkana, kwa upole mkubwa.

"Ejok, Bwana Supu. Pole na safari. Choo kiko nyuma ya kituo, tumekufagilia."

Gitau akafungua mdomo ajibu kitaalamu. Tumbo likamtangulia. Akafungua mlango, akakimbia.