Mrefu Kuliko Pipa la Rangi

Jumatatu, 6 Mei

Mwajiriwa, kwa mujibu wa kanuni za ligi yetu ya mpira wa kikapu ya makampuni, ni mtu ambaye kampuni inayodhamini timu imempa kazi halisi, na ambaye anaonekana akiifanya. Izingatiwe: kanuni haisemi aifanye vizuri. Haisemi aliianza lini. Inasema aonekane. Nimeisoma na kuirudia, na sioni mahali inaponizuia kumwajiri mtu kwa ajili ya mpira tu.

Nina sababu ya kuisoma. Tumefungwa tena, safari hii na kiwanda cha sabuni, ambacho mchezaji wake hodari ana kitambi. Mkurugenzi aliniita. Hakufoka, jambo lililonitisha zaidi. Alisema kiwanda cha rangi hakiwezi kuendelea kushona jezi za kuvalia vipigo. Imebaki mechi moja, dhidi ya Magodoro. Tukishindwa, timu inavunjwa. Nami sitakuwa tena meneja wa timu. Nitabaki mkuu wa chumba cha kuchanganyia rangi, cheo ambacho hata nyumbani kwangu hakitajwi.

Meneja wa Magodoro ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alipiga simu jioni kunipa pole. Akauliza kama vijana wangu wangependa kuletewa kitu laini cha kuangukia. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, ilimbidi aweke sufuria chini ili acheke vizuri.

Jumatano, 8 Mei

Nimempata! Anauza soksi karibu na kituo cha mabasi. Wenzake hutundika bidhaa kwa kijiti. Yeye hunyoosha mkono tu. Wanamwita Ngazi. Aliwahi kuchezea chuo cha ufundi, akaacha kwa kukosa viatu vya saizi yake. Nilimwomba arushe soksi zilizokunjwa kwenye ndoo ya jirani, ng'ambo ya barabara. Alirusha jozi kadhaa. Zote ndani. Mwenye ndoo alitukana. Kumbe ilikuwa na maji yake ya kuoshea matunda. Nimerudi nyumbani na soksi zilizolowa na furaha isiyo kifani.

Makubaliano: atakuwa kibarua katika chumba changu, atavaa ovaroli, ataonekana, kisha Jumamosi ya wiki ijayo atacheza. Aliuliza kama kazini kuna chai. Ipo. "Basi bosi," akasema, "mimi ni mtu wako."

Ijumaa, 10 Mei

Mkaguzi wa ligi huzuru makazini bila taarifa. Msimu uliopita duka la vioo lilichezesha jitu fulani na kudai ni mfagizi wao. Alipopewa ufagio, akaushika kama mkuki. Duka likafungiwa.

Kwa hiyo Ngazi hana budi kuonekana, na kuonekana vyema. Nimelitafakari suala hili kwa utaratibu. Stoo? Ina giza. Langoni? Mlinzi wetu ana wivu na kiti chake. Uamuzi: kando ya pipa kubwa, lililo mkabala na mlango. Kwa kawaida, ili kujua kama rangi ina mabonge, tunasimamisha mashine, tunaleta ngazi ya mbao, mtu anapanda, anachungulia, anashuka, mashine inawashwa upya. Ngazi wangu hana haja ya kupanda. Anachungulia tu, akiwa amesimama sakafuni. Nimemfundisha kukunja uso na kutikisa kichwa taratibu. Nilimweleza kwamba mkunjo wa uso ndio kazi yenyewe.

Jumanne, 14 Mei

Mkaguzi amekuja! Alimkuta Ngazi akichungulia, akamuuliza anaangalia nini. Ngazi akajibu, bila kugeuka, kwamba kuna bonge upande wa kushoto, na kwamba si vizuri kumsemesha mtu aliye kazini. Mkaguzi akaomba radhi! Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua nafanya kazi gani hapa. Nilikuwa nimeshika filimbi. Nikaitia mfukoni. Ni Ngazi aliyeniokoa: "Huyu ni wetu, mzee. Tunaye siku nyingi."

Tumepita. Ningekuwa na amani, kama mkurugenzi asingekuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Aliuliza tangu lini mashine haisimamishwi. Nikajibu kwamba ni tangu Ijumaa, kwa agizo langu. Alitabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu. Nimelichambua tabasamu hilo njia nzima ya kurudi nyumbani na sijalielewa, nalo linanisumbua kuliko mkaguzi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimelielewa. Balaa tupu! Kwa kuwa mashine haisimami tena, mkurugenzi amekubali oda ya rangi nyeupe ya shule nzima. Itachanganywa Jumamosi, mchana, saa ile ile ya mechi. Msimamizi wa pipa: Ngazi.

Nilimweleza mkurugenzi kwa heshima zote kwamba kuna ukinzani: anataka timu ishinde, na papo hapo anaichukua silaha yake. Akanijibu kwamba mambo ya ukinzani ndiyo amemwajiria meneja.

Nikamvuta Ngazi kando na kumwomba augue Jumamosi. Ugonjwa wowote, achague mwenyewe. Akakataa. Alinionyesha ovaroli mpya aliyoshonewa na kiwanda kwa kipimo chake. Miguu ya suruali inafika kwenye kifundo, jambo ambalo halijamtokea tangu azaliwe. "Bosi," akaniambia, macho yakimlengalenga, "mpira haujawahi kunishonea suruali."

Sikuwa na hoja ya kuipinga suruali ile.

Jumamosi, 18 Mei

Tumeshindwa. Kwa pointi moja!

Tulikuwa wanne, maana wengine walibakizwa kwenye oda ya shule, na mchezo unataka watano. Nikavaa jezi ya Ngazi, ikanifika magotini. Mashabiki wa Magodoro walikuwa wamegawiwa vipande vya sponji vya kukalia, na mke wangu alikuwa miongoni mwao, ameketi raha mustarehe. Alinipungia mkono kama anayemsindikiza mgonjwa. Shemeji aliamua kunikaba mwenyewe. Kila nilipodaka mpira, kelele: "Tulia, shemeji! Si rangi hiyo, haimwagiki!"

Dakika za mwisho dereva wetu wa lori akanipasia. Shemeji akanipiga mkono. Refa akapuliza, nikapewa mitupo miwili huru, ambapo hakuna anayeruhusiwa kukuzuia ila nafsi yako. Mmoja kuingia, sare. Yote miwili, ushindi. Nilikadiria pembe. Nilikadiria kasi. Mtupo wa kwanza ulifuata hesabu yangu hadi nusu ya safari, kisha ukajitegemea. Wa pili uligonga nguzo na kunirudia mikononi. Wakati huo huo, nimeambiwa baadaye, rangi ya shule ilikuwa ikitoka bila bonge hata moja.

Shemeji alinikumbatia, akasema ndugu ni ndugu. Sikulala.

Jumatatu, 20 Mei

Niliingia kwa mkurugenzi na hotuba ya kuagana. Hakunipa nafasi. Timu haivunjwi! Hakuuliza hata matokeo. Alisema kwa miaka mingi amelipa watu wa kumtafutia wafanyakazi, na hakuna aliyemletea mtu kama Ngazi. Timu hii imeleta. Sasa pipa la pili nalo linahitaji mtu wake, na meneja wa timu, kwa kuwa ana jicho, amtafute.

Ushindi! Nimeyapima makosa yangu bila kujihurumia, na nimeliona moja tu: nilimweka mtu mwema mahali pabaya. Mpango wenyewe hauna dosari. Tayari nimemwona fundi wa antena ambaye huzungumza na wateja wake wa ghorofani kupitia dirishani, akiwa amesimama barabarani. Anaanza kesho. Mkurugenzi hatajua, la sivyo atamtia kwenye pipa, nami namtaka kwa ajili ya msimu ujao na uso wa shemeji yangu.

Imebaki kumchagulia pa kuonekana. Mapokezi kuna saa ya ukutani inayochelewa, na hakuna anayeifikia. Stoo ina rafu. Uhasibu kuna taa iliyoungua. Nimezunguka kiwanda kizima leo nikitazama juu, jasho likinitoka, na kila chumba kina kitu chake kinachongoja mtu mrefu. Je, ipo kazi yoyote hapa duniani ambayo mtu wa kimo kile anaweza kuifanya vya kutosha kumridhisha mkaguzi, lakini si vya kutosha kumpendeza mkurugenzi?