Shomoro Sabini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kafanyiwa upasuaji wa jicho, kafungwa bandeji, haruhusiwi kutoka nje wiki nzima. Kazi yake ya kuhesabu shomoro wa mtaa huu, toka posta hadi lango la shule, kanikabidhi mimi! Mimi, mkwe asiye na ajira, ninayekula kwake mwaka wa pili huu bila kusimangwa hata siku moja. Namshukuru Mungu kwa mama huyu.
Kanieleza utaratibu. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Machi, hupita asubuhi moja na kuandika idadi. Jumamosi mtaalamu wa ndege huja kuichukua. Amefanya hivyo miaka ishirini na minane.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma madaftari yake yote. Mwaka wa kwanza, shomoro 412. Mwaka wa kumi, 290. Mwaka jana, 96. Jamani! Mgonjwa atoke kwenye kisu halafu asomewe upungufu mwingine? Haiwezekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka huu wanapanda.
Nimekutana na kinyozi, anayehesabu mtaa wa pili. Kaniuliza kama naweza kumtofautisha shomoro na kuku. Kaongeza kwamba kwake mwaka jana walifika 130. Nimemshukuru kwa kunijali. Moyoni nimemtangazia vita.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: kuwahamisha shomoro wa kinyozi. Alfajiri nimemwaga mtama, mstari mmoja mwembamba, toka mlangoni kwake hadi kwetu.
Matokeo: kuku kumi na saba, njiwa kadhaa, mbuzi mmoja. Shomoro watano tu, nao walibaki juu ya waya wakitazama. Mbuzi kaufuata mtama kwa upande usiotakiwa, kaingia kwa kinyozi, kala kalenda ukutani hadi mwezi wa Agosti.
Kinyozi hakunigombeza. Kafagia mtama uliobaki, kanirudishia kwenye ndoo. Mungu ambariki, ingawa alicheka kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Kwa nini nilowe, na akili ninayo? Nimehesabu kitandani. Posta 60, duka la dawa 38, na kadhalika. Jumla 214. Nikaenda kumsomea mama mkwe, nikitarajia dua.
Kasikiliza hadi mwisho. Kisha kauliza, wale wa duka la dawa niliwaona upande gani. Nikamjibu kwamba wamejenga viota chini ya paa, tena wana makinda. Kaniambia taratibu kwamba duka lile liliezekwa upya mwaka jana na kila tundu likazibwa. Hapajakaa ndege tangu hapo.
Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.
Akasema, “Mkwe wangu, wakipungua, andika wamepungua. Mimi kazi yangu kuwahesabu, siyo kuwazaa.”
Kaniagiza daftari la mwaka wa kumi na tano, nisome kwa sauti. Shomoro 188. Chini yake, kwa mwandiko wake uleule: Leo tunamzika baba watoto. Nimechelewa kuanza hesabu kwa nusu saa.
Nililifunga daftari. Hakunifukuza. Hata binti yake, mke wangu, hakumwambia. Kanitaka tu nilale mapema, kesho niamke.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka. Kinyozi nimemkuta langoni kwetu na kofia kichwani, kaja kunisindikiza bila kuombwa. Kanifundisha kumjua dume kwa kidevu cheusi, na kwamba kundi likiruka lisihesabiwe mara mbili. Posta hapakuwa na hata mmoja. Kwenye ua wa shule walikuwa wengi, wanaoga vumbini, wanagombana kama ndugu. Nimesimama nikiwatazama hadi kinyozi akanivuta mkono.
Jumla: 71. Nimeandika kwa kalamu ya wino. 

Jumamosi, 8 Machi
Mtaalamu kaja, mama mpole mwenye buti za matope. Nilianza kuomba radhi kwa ile 71. Kanikatiza. Kasema shomoro ni ndege wa kila siku, ndiyo maana anapotea bila mtu kushtuka. Anayejua ni yule tu aliyeandika kila mwaka bila kuongopa. Kwa madaftari ya mama mkwe amemwonyesha mwalimu mkuu kwamba shomoro huondoka pale paa linapozibwa. Madarasa mapya ya shule yataachiwa matundu ya viota.
Mama mkwe kanishika bega. Kamwambia mgeni, “Mwakani hesabu itakuwa ya watu wawili, mimi na huyu.”
Nilitoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Jumatatu, 10 Machi
Kumbe dawa ni matundu tu! Na nyumba yetu hii imezibwa kwa mbao pande zote chini ya paa.
Mama mkwe na mke wangu wamekwenda hospitali kufunguliwa bandeji. Watarudi mchana. Seremala kaniazima msumeno, jirani ngazi. Nina watu wema sana. Matundu kumi na tisa tayari, bado upande wa chumba cha mama mkwe. Sijamwambia mtu. Fadhila aliyonitendea hailipiki, ila leo, jicho lake likifunguka, nataka hiki kiwe kitu cha kwanza kukiona.