Mratibu Mtarajiwa wa Kongano la Alizeti

Jumatatu, 16 Juni
Siku ya kwanza ya mafunzo ya kuendesha makongano ya biashara. Ukumbi mzuri, chapati mbili, chai ya maziwa. Mkufunzi, Bi. Restuta, anasema kongano ni wafanyabiashara wa kazi moja, mahali pamoja, wanaoshindana huku wakisaidiana ili mkoa mzima uuze zaidi. Nimeandika "wanaoshindana". Ijumaa sisi wakamua alizeti wa Nkuhungu, mashine tisa, tutachagua mratibu. Tena unakuja mtambo wa kusafishia mafuta, wa wote. Mratibu ndiye atapendekeza uwekwe kwa nani. Uwanja wangu nimeshaufagia.

Jumanne, 17 Juni
Kazi ya nyumbani: chora ramani ya kongano lako. Nimechora mashine nane. Ya Anyesi, jirani yangu ng'ambo ya barabara, nimeiandika "kiwanja cha wazi". Mama huyu ananikosesha raha. Wakulima wa Kongwa wanapita mlangoni kwangu na magunia, wanaenda kwake! Mke wangu Rukia kaitazama ramani, akauliza kama Anyesi kahama. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 19 Juni
Ziara ya mafunzo, kwangu. Kwa desturi, mkulima akishakamuliwa alizeti yake, mashudu, yale makapi ya kulishia mifugo, hubaki kwa mwenye mashine. Nikatangaza leo kila mtu aondoke na mashudu yake, ili wageni wakute foleni. Foleni ikaja kweli. Hata wafugaji wasio na punje moja ya alizeti. Saa nne mkanda wa mashine ukakatika. Wa akiba sina. Foleni nzima ikavuka barabara, ikaingia kwenye kiwanja cha wazi. Bi. Restuta akatazama ramani, akatazama foleni. Mara Anyesi huyo, mkanda mkononi. "Kaka Hashimu, funga huu, utanirudishia ukinunua wako. Watu wako wamenizidi." Bi. Restuta akawaambia wote waandike: hili ndilo kongano. Nimeumia. Somo limefanyika uwanjani kwangu, sifa kapewa yeye.

Ijumaa, 20 Juni
Uchaguzi kabla ya swala, kwa kunyoosha mikono. Anyesi wanane. Mimi mmoja, na nilinyoosha miwili hadi Bi. Restuta akaniomba nishushe mmoja. Kisha mratibu mpya akapendekeza mtambo uwekwe kwangu, kwa kuwa uwanja ni mpana na lori linageuka. Wote wakakubali. Nikasita. Umfute mtu kwenye ramani, halafu akupe mtambo? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasimama, nikakataa, nikataka iandikwe kwenye muhtasari. Umepelekwa kwa Lameck, mwenye mashine mwenzetu.

Jumamosi, 21 Juni
Cheti cha mafunzo nimekitundika sebuleni. Rukia hasemi nami tangu jana. Asubuhi lori la mtambo lilishindwa kugeuka kwa Lameck, likaja kugeukia kwangu, likaondoka. Sijali. Nimeanzisha kongano langu mwenyewe. Mwanachama mmoja. Uchaguzi umefanyika saa sita mchana, nimepita bila kupingwa.