Pasipoti ya Bi Clutterbuck na Tiketi ya Bi Wasylenko

Ndugu Afisa Fontaine,
Dawati la Wakanada Waliokwama, Mazatlán, Meksiko.

…na kama nilivyokuwa nikikueleza kabla hujateremsha kidirisha ukaenda kula, mimi si mtu wa lawama. Nina siku kumi na mbili tu katika ndoa, na furaha niliyo nayo hata mabegi ya watu nayasalimia. Lakini hili limenizidi.

Leo asubuhi, fungate yetu ikiwa imekwisha, nimezuiwa kupanda ndege ya kurudi nyumbani Saskatchewan kwa sababu pasipoti inasema Tamsin Clutterbuck, na tiketi inasema Tamsin Wasylenko. Keshokutwa Jumamosi, Nyanya Olha, bibi yake mume wangu Darcy, anatupikia maandazi ya kuchemsha yaliyojaa viazi. Ana miaka tisini na mmoja, nyonga ilimzuia kuja harusini, na hajawahi kuniona. Nisipotokea, atanionaje? Basi nalalamika hivi:

1. Dada wa uwanja wa ndege aliniuliza, "Wasylenko ndiye nani?" Nikajibu, "Ni mimi!" na kuzunguka kidogo ili gauni lipepee. "Na huyu Clutterbuck?" Nikasema huyo hayupo tena. Mzee mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Jamani, bibi harusi kaua mtu!" Watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa Darcy.

2. Nilikuletea ushahidi wa kutosha: taulo sita zilizotariziwa jina langu jipya na picha ya Darcy akilia mbele ya mchungaji. Wewe ukataka cheti cha ndoa. Cheti kipo nyumbani, kwenye mlango wa friji, kimebanwa na sumaku yenye umbo la kiazi.

3. Mchungaji alitutangaza Bwana na Bibi Wasylenko mbele ya watu mia na arobaini. Pasipoti ilikuwa kwenye mkoba wangu, hatua tatu tu kutoka pale, na haikubadilika hata herufi moja. Kama serikali ilitaka mwaliko, ingesema.

4. Tiketi za kuja alitununulia mama yangu, kwa jina langu la zamani, kwa hiyo nilikuja salama. Za kurudi nilikata mwenyewe, nimelala kwenye bembea, ili nione jina langu kando ya la Darcy. Je, mapenzi ni kosa?

5. Darcy kagoma kuondoka. Kasema mbele ya foleni nzima, "Mke wangu, bila wewe mimi siendi popote." Maneno matamu namna hiyo, na mimi sina hata rangi ya mdomo!

Kwa hiyo naomba serikali itume ndege kesho, yenye rubani aliyeoa.

Wasalimie wenzako wote, na yule mlinzi aliyenipa kitambaa nifute machozi.

Wako mwenye ndoa changa,
Bibi Tamsin Wasylenko, mke wa Darcy

N.B. Mama kapiga simu sasa hivi. "Tamsin, mwanangu, ile bahasha uliifungua yote? Tiketi nilizokupa ni za kwenda na kurudi!" Ukurasa wa pili nilikuwa nimeutumia kufungia kipande cha keki ya harusi. Ni ndege ya kesho saa nne asubuhi, jina Clutterbuck. Tafadhali ichane barua hii, lakini taulo nilizokuachia dawatini usizichane. Nyanya Olha kasikia habari za bahari na anasema nyonga imepona, kwa hiyo tutakuja kuzichukua kabla ya mwezi kwisha. Tiketi atakata mama.